Shahada na Kiwewe: Mhadhara wa Umma kwa Watu wa Izigo



Mmeniita kunena juu ya jambo ambalo aghalabu husemwa kwa minong'ono, nalo ni hali ya kijana anayesomea shahada huku akiishi na kiwewe cha msiba alioushuhudia. Katika nchi hii ya migomba na mibuni, ambako mzazi aliyebanwa na ada huthubutu kuuza kahawa yake kwa butura ingali ua mtini, mwana anayerejea kutoka chuoni kabla ya wakati wake hushukiwa mambo mawili, ulevi au uzembe, na kabla jua halijatua hukumu huwa imekwisha kupita kutoka kibanja hadi kibanja. Dai langu ni kwamba wako miongoni mwa vijana hao wasiopungukiwa akili wala bidii, ila wamepungukiwa muda, na muda ni kitu ambacho chuo kikuu kinaweza kumkopesha mwanafunzi bila ya kuitia doa heshima ya shahada yake.

Msidhani nasimulia habari za mbali. Meli ya MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ilikuwa imepitia bandari ya Kemondo, jirani zenu, na hesabu ya waliokufa inayotajwa sana ni 894. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliyabomoa majengo ya Ihungo na Nyakato, hata shule hizo zikafungwa kwa muda na wanafunzi wake wakatawanywa katika shule nyingine. Na tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 iliangukia ziwani ikikaribia kutua Bukoba, wakafa 19. Baada ya kila msiba tulizika, tukajenga kuta upya, tukasikiliza hotuba, na yote hayo yalikuwa wajibu wetu. Lakini waliosalimika tuliwapongeza kwa kusalimika, tukadhani kwamba pongezi ni tiba.

Madaktari wa Marekani waliyaingiza maradhi ya kiwewe katika kitabu chao cha kuainisha magonjwa ya akili mwaka 1980, baada ya kuwatazama askari waliorudi kutoka Vietnam. Mwaka huo huo, mkiniruhusu kuchepuka kidogo, mkoa huu ulikuwa na wanaume waliorejea kutoka vita vya Uganda, na kaskazini ya Mto Kagera walikuwako raia waliokimbia majeshi ya Idi Amin mwaka 1978 kisha wakarudi katika nyumba zilizoporwa. Na aliyeshtuka usiku akapiga yowe, ilisemwa kuwa ni pombe.

Si kila huzuni ni kiwewe, na wengi waliofikwa na mabaya hupoa wenyewe kwa kadiri siku zinavyopita. Ndiyo maana daktari hataji maradhi haya mpaka dalili zidumu zaidi ya mwezi mmoja. Kumbukumbu ya kawaida ni mtumishi, huitwa ikaitika, bali ya kiwewe huingia bila hodi na kuketi katika kiti cha mwenye nyumba. Sasa mtazameni mwanafunzi mwenye mgeni huyo. Katika ukumbi wa mihadhara huchagua kiti kilicho karibu na mlango. Mlio wa jenereta au meza iliyoburutwa humnyang'anya nusu saa ya somo. Ukurasa mmoja huusoma mara tatu na maana isikae. Usiku hukosa usingizi, na maadamu usingizi ndio wakati ambao ubongo huyathibitisha yaliyosomwa mchana, hasara yake huwa maradufu. Lililo baya kupita yote ni kukwepa: huanza kukwepa somo linalomkumbusha, kisha jengo lenye somo hilo, kisha sahibu zake wote, na mhadhiri mwenye daftari la mahudhurio haoni humo ila utoro.

Mfano ulio dhahiri kupita yote ni wa Garissa, nchini Kenya. Alfajiri ya Alhamisi tarehe 2 Aprili 2015, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, wauaji wa Al-Shabaab waliingia katika chuo kikuu kishiriki cha mji huo wakaua watu 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi; binti mmoja alijificha kabatini akatolewa siku mbili baadaye. Waliosalimika walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, wakamalizie huko shahada walizozianza, yaani waliondolewa mahali pa msiba, wakawekwa katika mabweni mengine yenye vitanda na kengele na milango kama ile ile, wakapewa kalamu. Siku kumi baada ya shambulio, katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mlipuko wa umeme kabla ya mapambazuko uliwafanya wanafunzi warukie madirishani wakidhani wauaji wamefika. Mmoja alikufa na zaidi ya mia wakaumia. Tena tarehe 30 Novemba mwaka huo, katika Chuo Kikuu cha Strathmore, zoezi la usalama lenye milio ya risasi, ambalo wengi hawakuwa na habari nalo, lilizusha taharuki iliyomuua mfanyakazi mmoja. Hao ni watu ambao hawakuwapo Garissa. Ikiwa habari peke yake iliwatia fadhaa ya kiasi hicho, sembuse aliyekuwamo bwenini, na ambaye muhula uliofuata alitakiwa kuandika insha juu ya nadharia za biashara?

Rwanda, jirani zetu wa magharibi, walitangulia kufikwa na balaa kubwa zaidi, na kwao jawabu halikutoka kwa wakubwa. Mwezi Oktoba 1996 wanafunzi 12 wa Chuo Kikuu cha Taifa, Butare, waliunda AERG, umoja wa wanafunzi walionusurika mauaji ya kimbari ya 1994, wakajipanga katika familia za kujitungia: mwanafunzi mmoja huchaguliwa kuwa baba, mwingine mama, na waliosalia huwa ndugu. Mama huyo, ambaye pengine ana umri sawa na wanawe, huuliza nani hakula na nani hakuonekana darasani. Na kila Aprili, katika siku za kumbukumbu, ambapo wengine huanguka wakilia kama kwamba jambo linatendeka sasa, familia hiyo hukaa nao. Mimi nauona mpango huu kuwa bora kuliko ofisi ya ushauri yenye mlango mmoja na foleni ndefu.

Wala tusiseme kwamba hatuna wataalamu, basi hakuna la kufanya. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, wilaya inayopakana na mkoa wenu huu, wanasaikolojia kutoka Ujerumani waliwafunza wakimbizi wenyewe kwa muda wa majuma sita, kisha wakawaachia kuwahudumia Wanyarwanda na Wasomali 277, wengine kwa kusimulia maisha yao hatua kwa hatua tangu kuzaliwa, wengine kwa mazungumzo ya ushauri ya kawaida, na kikundi cha tatu kikitazamwa tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: baada ya miezi tisa, takriban saba katika kila kumi wa kundi la kwanza hawakuwa tena na maradhi, na kundi la pili halikuachwa mbali, lakini waliotazamwa tu hawakufika hata wanne.

Nakuja kwenye kanuni. Vyuo vyetu si katili: vina mitihani ya marudio, vina mtihani maalumu kwa aliyeugua, vina ruhusa ya kuahirisha masomo. Mashaka yako katika ushahidi, kwa kuwa aliyevunjika mguu huja na bandeji na cheti, ilhali mwenye kiwewe huona haya hata kutaja alilonalo. Basi hunyamaza, mitihani hupita, na jina lake hutokea miongoni mwa waliofutwa masomo kwa kufeli, waliodisko kama vijana wasemavyo. Tena fedha ya mkopo ya kujikimu, ambayo wao huiita bumu, husimama masomo yanaposimama, hivyo maskini huogopa kupumzika kuliko anavyoogopa kuugua. Nashauri cheti cha mshauri wa nasaha kipokelewe sawa na cha daktari, na mwanafunzi wa namna hii apewe chumba kidogo cha mtihani na dakika za ziada, maswali yakiwa yale yale na alama ya kufaulu ile ile. Nimeambiwa kwamba wengine watajifanya wagonjwa. Watakuwako, hata cheti cha malaria hughushiwa, wala hakuna aliyependekeza kuvifuta vyeti vya malaria.

Nanyi wazazi, mwana akirejea katikati ya mwaka, kabla ya kumuuliza habari za pombe mwulizeni kama aliandika barua ya kuahirisha masomo na kama chuo kiliijibu, maana aliyeondoka kimya na aliyeondoka kwa ruhusa hulala chini ya bati moja hapa kijijini, lakini huko chuoni mmoja amefutwa na mwingine anangojewa. Ikiwa hakuandika, mpelekeni kwanza hospitali, kisha ketini naye mezani, baba au mama, barua hiyo iandikwe, na tarehe ya kurudi itajwe ndani yake.