Kutoka Kitui hadi Dodoma: Panga Safari Mapema

Ukienda Tanzania, tengeneza pasipoti kwanza, tiketi baadaye. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka mpaka.

Kutoka Kitui, pitia Mutomo na Ikutha hadi Kibwezi. Hapo panda treni ya SGR ya vituo vya kati hadi Mombasa. Ile ya moja kwa moja haisimami Kibwezi. Mombasa kuna mabasi ya Dar es Salaam kupitia Lunga Lunga na Tanga. Tangu 2024, treni ya umeme inatoka Dar hadi Dodoma.

Tafadhali, usibananishe tiketi. Lala Dar usiku mmoja, basi likichelewa treni isikuache.