Hela ya Mke Isiombewe Ruhusa

Wanangu, ya kuheshimiana na kuvumiliana mmeshaambiwa na shehe, na bibi harusi kaambiwa mengine na somo wake. Mimi nina neno la hela.

Pale mtaani kwetu Ngamiani palikuwa na fundi wa kike. Sare zake za shule watu walizifuata kutoka Pongwe. Mumewe ndiye aliyemnunulia cherehani, kila mtu akamsifu. Lakini kila jioni bwana huyo yupo mlangoni, anahesabu. Mke akitaka uzi, aombe. Akitaka kwenda Muheza kumwona mama yake, aombe nauli katika hela aliyoitafuta mwenyewe. Na mume akitamba barazani: "Mke wangu nimemwezesha." Bwana harusi, sikiliza. Ukimpa mtu chombo ukabaki na maamuzi, umejipatia kibarua. Tena ujira humlipi!

Yule fundi akaingia kikoba. Mnakijua kikoba: mnanunua hisa, mnakopeshana, na sanduku lina kufuli tatu, kila ufunguo na mshikaji wake; asipokuwepo mmoja, halifunguliwi. Wanawake wasio na udugu wanaaminiana hivyo, mume na mke washindwe? Fundi akakopa anunue vitambaa kabla shule hazijafunguliwa Januari. Mume akazichukua zile hela, eti atazirudisha. Mama mkwe naye akaunga mkono: "Mwanamke akishika hela hashikiki." Nyinyi upande wa bwana harusi mnaocheka hapo nyuma, nawasema nyinyi!

Hela hazikurudi. Wanakikundi wakaja kuchukua dhamana yao, nami natazama. Waliibeba ile cherehani na sketi ya mtoto wa watu ikiwa bado imebanwa chini ya sindano, uzi unaburuta mpaka barabarani. Mume kainamisha kichwa. Mama mkwe siku hiyo hakuonekana.

Sheria ipo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imempa mke haki ya kumiliki mali kama mume. Na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Hukumu nzuri, lakini mtu huifikia ndoa ikiwa imeshavunjika. Yule fundi hakuhitaji hakimu, alihitaji mume wa kusema, "Mama, hela hizi ni za mke wangu, tuziache."

Bibi harusi, na wewe usikope kwa siri. Mume anayelijua deni hulibeba nawe. Asiyelijua hufedheheka mlangoni. Na mwenzio akikwama, usisubiri aombe.

Basi kaeni wiki hii hii msemezane: ipi ya mke, ipi ya mume, ipi ya nyumba. Mke akienda kwenye kikao cha kikoba Jumamosi, bwana ingia jikoni. Jamaa zako wakikucheka, wapakulie, watanyamaza. Na siku mama yako atakapokuita pembeni akuambie mkeo pesa zimezidi, mjibu kwa adabu, lakini mjibu: "Ndivyo nilivyomuombea, mama." Kama maneno hayo huyawezi, sema sasa hivi, tumrudishe binti yetu kwao kabla pilau haijapakuliwa.