Uhuru wa Mmoja, Usalama wa Wote: Funzo la Korona

Hotuba kwa wakazi wa Iguhu kuhusu afya ya umma



Huku Idakho, matanga si jambo la saa moja. Watu hukesha, moto huwashwa, isukuti hulia, na jirani asiyefika huulizwa sababu. Ndiyo maana amri ya Aprili 2020, kwamba mazishi yahudhuriwe na watu wasiozidi 15, iliwauma wengi kuliko hata kafyu. Wapo ambao hadi leo wanahisi hawakumuaga mpendwa wao ipasavyo.

Uchungu huo haukuwa ujinga, na amri nayo haikuwa chuki. Korona ilipothibitishwa nchini Machi 2020, chanjo haikuwepo. Virusi vyake hupita kwa pumzi, na mtu huweza kuwaambukiza wengine kabla yeye mwenyewe hajahisi ugonjwa. Anayeamua kuhatarisha afya yake matangani huwa amemwamulia pia nyanya aliyeketi kando yake.

Je, serikali inaweza kumzuia mwananchi kwa ajili hiyo? Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa kila mtu uhuru wa kwenda atakako. Kifungu cha 24 kinaruhusu haki hiyo ibanwe, lakini kwa sheria na kwa kiasi kinachofaa. Kifungu cha 25 kinataja haki zisizoguswa kamwe, mojawapo ikiwa ni kutoteswa.

Mpaka huo ulivukwa. Kafyu ilipoanza Machi 27, 2020, polisi waliwapiga abiria waliosubiri feri Likoni. Siku chache baadaye, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, Nairobi. Chama cha Wanasheria kilienda mahakamani, na Aprili 16 Mahakama Kuu ikaamua: kafyu ni halali, lakini kutumia nguvu kupita kiasi kuitekeleza ni kinyume cha Katiba.

Hicho ndicho kipimo. Amri ya afya iwe na msingi wa sheria, sababu yake ielezwe, na ilegezwe hatari inapopungua. Julai 2020 idadi ya waombolezaji iliongezwa hadi 100. Kafyu yenyewe iliondolewa Oktoba 20, 2021.

Ugonjwa mwingine ukizuka, mkazi wa Iguhu ana haki ya kumuuliza chifu au afisa wa afya: amri hii inatokana na sheria gani, na itadumu hadi lini? Akipigwa na polisi, ana haki ya kulalamika kwa IPOA, Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi. Naye ana wajibu: akihisi dalili, asiende matangani. Atume rambirambi, achange, na afike kuwapa pole wafiwa akishapona.