Kazi ya Kudumu, Mfanyakazi wa Muda

Msikilizaji, ukitoka Embu mjini upite Runyenjes, Chuka na Nkubu, uvuke Meru hadi Maua, utakutana na karibu kila kazi inayoendesha maisha yetu: shule, hospitali, viwanda vya chai, soko la miraa. Na kote huko utasikia kilio kimoja. Kazi ni ya kila siku, mwaka baada ya mwaka, lakini anayeifanya hajui kama mwakani atakuwa nayo.

Tuanze shuleni. Gredi ya 7 ilipoanza Januari 2023, sekondari msingi ziliwekwa ndani ya shule za msingi, na mzigo mkubwa ukaangukia walimu tarajali. Mwalimu tarajali ni mtu aliyehitimu, aliyesajiliwa na Tume ya Huduma ya Walimu, TSC. Amesomea masomo mawili, tuseme Kiswahili na Historia. Anafika shule moja kule Mbeere, anakuta wenzake ni wawili au watatu, na mtaala unadai masomo tisa. Basi anafundisha hisabati, anafundisha kilimo, anafundisha chochote kisicho na mwenyewe. Mshahara wake ni shilingi 20,000 kwa mwezi, kabla ya makato ya bima ya afya, NSSF na nyumba. Humo atoe kodi ya chumba, chakula na nauli, na awatumie wazazi ambao pengine waliuza ng'ombe ili asome.

Aprili 2024, Jaji Byram Ongaya wa Mahakama ya Ajira aliamua kuwa TSC haikuwa na mamlaka ya kuwaajiri walimu waliohitimu kama tarajali. Mei, walimu hao waligoma kote nchini. Mwanzoni mwa 2025, walimu 46,000 wakapewa ajira ya kudumu, na hilo ni jema, tulisifu. Lakini wakati huo huo serikali ikaajiri wengine 20,000 kwa masharti yale yale ya utarajali. Mahakama imesema, walimu wameandamana, na bado tumerudi pale pale.

Hospitalini ni vivyo hivyo. Wahudumu wa mpango wa Afya kwa Wote, zaidi ya 7,000 nchini, waliajiriwa kwa kandarasi mwaka 2020, wakati wa korona, wakati ambapo wengi wetu tulikuwa tumejifungia nyumbani. Ni wauguzi, maafisa wa kliniki, wataalamu wa maabara. Wanahudumu katika vituo vya kaunti, lakini mkataba wao ulikuwa wa Wizara ya Afya. Mwaka 2025 walipiga kambi nje ya Afya House, makao ya wizara hiyo jijini Nairobi, wakidai ajira ya kudumu, huku serikali kuu na kaunti zikivutana nani awalipe. Madaktari nao waligoma siku 56 mwaka 2024, na kiini kilikuwa utarajali huo huo: mkataba wa 2017 uliahidi daktari tarajali shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikasema itatoa 70,000.

Hospitali ya Rufaa ya Meru hupokea wagonjwa hadi kutoka Isiolo na Tharaka Nithi. Mama anayejifungua saa nane usiku hana jinsi ya kungoja viongozi wamalize kuvutana. Anahitaji muuguzi aliyelala vya kutosha, na ambaye hawazi kodi ya nyumba huku akimshika mkono.

Najua hoja ya wakubwa. Sheria inazitaka kaunti zisitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato kwa mishahara. Ni kweli, na si sheria mbaya. Lakini haisemi ni nani wa kuajiriwa kwanza. Kama nafasi ni chache, muuguzi atangulie mshauri wa ofisini. Hilo ni la kuamua tu.

Shambani sina wa kumlaumu kwa urahisi. Chai yetu ni ya wakulima wadogo: Mungania, Rukuriri na Kathangariri upande wa Embu, Githongo, Kionyo na Michimikuru upande wa Meru. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Akiugua, halipwi. Mwenye shamba naye anasubiri bonasi isiyotabirika. Vijana wameona hesabu hiyo, wakapanda bodaboda. Mzee anabaki na kikapu, majani yanapitiliza, na kiwanda kinataka majani mawili na kichipukizi. Wachumaji na wafungaji wa miraa nao wanaijua kazi isiyo na uhakika: Somalia ilipofunga soko Machi 2020, kazi iliisha bila notisi, na soko halikufunguka hadi Julai 2022.

Wachumaji wa chai angalau wangeweza kuwa na chama cha akiba na bima kupitia kiwanda. Ningependa wakurugenzi wa viwanda waliseme hilo kwenye mkutano mkuu.

Kwa walimu na wahudumu wa afya, msikilizaji, nafasi ni yako. Bajeti ya kaunti huanza kutumika Julai 1, na kabla yake lazima kuwe na vikao vya maoni ya umma. Hudhuria kikao cha wadi yako. Usiulize barabara peke yake. Uliza: katika zahanati yetu, wahudumu wangapi wana ajira ya kudumu, na wangapi ni wa kandarasi? Muulize mbunge wako vivyo hivyo kuhusu walimu. Dai jibu kwa idadi, na uliandike.