Nani Alizihesabu? Fedha za Filamu ya Ngono ya Mwaka 1972



Tangu tangazo la mhadhara huu libandikwe, minong'ono haijakoma, na najua wapo waliokuja kuona kama nitathubutu. Nitathubutu, ila yaliyomo kwenye filamu hiyo sitayasimulia. Mimi ni mtu wa uchumi wa filamu, nitafuata fedha.

Filamu yenyewe ni Deep Throat. Gerard Damiano, ambaye awali alikuwa mtengeneza nywele za kina mama huko Queens, New York, aliipiga Florida mwezi Januari 1972 kwa siku chache tu. Mtaji, unaotajwa kuwa kama dola 25,000, ulitoka kwa Louis Peraino, mtoto wa Anthony Peraino, mtu wa ukoo wa Colombo katika Mafia ya New York. Tarehe 12 Juni mwaka huohuo ikaanza kuonyeshwa New World Theater, Mtaa wa 49, New York. Kiingilio: dola 5.

Walioipa umaarufu ni polisi na mahakama. Kila jumba lilipovamiwa magazeti yaliandika, na kila gazeti lilipoandika foleni ilirefuka, tena ya watu wenye heshima zao, mume na mke, mchana kweupe. Machi 1973 Jaji Joel Tyler aliitangaza filamu hiyo kuwa ni uchafu. Jumba la New World likaandika kwenye bango lake kwamba jaji amekata koo na dunia inaomboleza. Matangazo ya bure ya namna hiyo hakuna kampuni ingeweza kuyanunua. Hata mpasha habari wa siri wa The Washington Post katika kashfa ya Watergate alibandikwa jina la filamu hiyo.

Sasa tuje kwenye mapato. Takwimu inayonukuliwa kila mahali ni dola milioni 600. Hebu tuipige hesabu. Kwa kiingilio cha dola 5, hizo ni tiketi milioni 120, wakati Marekani nzima, pamoja na vichanga na vikongwe, ilikuwa na watu takriban milioni 210. Na filamu yenyewe ilipigwa marufuku sehemu nyingi! Mhakiki Roger Ebert alieleza kwamba wahalifu waliomiliki majumba mengi ya filamu za ngono walikuza mauzo kwenye vitabu ili kutakatisha fedha za dawa za kulevya na ukahaba. Maelezo hayo naona yana mashiko, maana kiti kitupu hakimkani anayedai kimekaliwa.

Tazameni mapato hayo yalivyokusanywa. Akina Peraino waliweka watu wao milangoni, kazi yao kuhesabu vichwa vinavyoingia, kisha kuondoka na mgawo wa bosi kwa fedha taslimu. Hakuna hundi, hakuna risiti. Kwa fedha hizo Louis akaanzisha kampuni ya usambazaji, Bryanston, iliyosambaza The Texas Chain Saw Massacre mwaka 1974. Waliotengeneza filamu hiyo nao walilalamika kwamba malipo yao hawakuyaona.

Na waliofanya kazi katika Deep Throat? Damiano aliachia fungu lake kwa dola 25,000. Mwandishi alipomuuliza kwa nini akubali kidogo hivyo, naye akauliza kama mwandishi anataka avunjwe miguu. Harry Reems, mwigizaji wa kiume aliyelipwa kiduchu, alitiwa hatiani Memphis mwaka 1976 kwa sababu ya filamu hiyo, hukumu iliyotenguliwa mwaka uliofuata.

Linda Boreman, mwigizaji mkuu wa kike wa filamu hiyo, aliyejulikana kwa jina la Linda Lovelace, alisema malipo yake yalikuwa dola 1,250, na kwamba mumewe, Chuck Traynor, alizichukua zote. Katika kitabu chake cha mwaka 1980 alieleza kuwa mume huyo alimpiga na kumlazimisha kwa bastola, akawataka watu watazame michubuko iliyoonekana mwilini mwake kwenye filamu. Traynor alikana kumlazimisha. Mwaka 1986 Linda aliyarudia hayo mbele ya tume ya serikali. Alifariki mwaka 2002 kutokana na ajali ya gari, akiwa hana utajiri wowote.

Ninyi mnaosoma shahada za uzamili idarani kwangu, sikieni: atakayeniletea tasnifu iliyotaja dola milioni 600 bila kueleza nani alizihesabu, nitamrudishia.