Serikali ya Mlangoni: Chifu, Polisi na Mwananchi wa Taita Taveta



Tumekuja hapa Voi kunena juu ya mamlaka yaliyo karibu nasi kuliko yote. Ikulu iko mbali na Bunge liko mbali. Mwananchi wa Kasigau, wa Sagalla, wa Wundanyi au wa Taveta huionja serikali katika ofisi ya chifu na mezani pa kituo cha polisi. Hapo ndipo aombapo barua ya kuendea kitambulisho. Hapo ndipo apelekapo malalamiko ya ng'ombe walioingia shambani. Hapo ndipo awekwapo ndani au aachiliwapo. Ikiwa haki haipo hapo, basi kwake haki haipo popote.

Katika sehemu nyingi za Marekani, mkuu wa usalama wa kaunti, aitwaye sherifu, huchaguliwa kwa kura. Akiwasahau wakazi, nao humsahau siku ya uchaguzi. Hatusemi kwamba mtindo huo hauna dosari. Twasema una swali zuri ndani yake: Huyu mlinzi anawajibika kwa nani?

Kwetu swali hilo lilijibiwa na mkoloni kabla hatujaulizwa. Sheria ya Wakuu wa Vijiji ya mwaka 1902, na ile ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1912, ziliwaweka watu wa kukusanya kodi na kutoa vibarua. Mtu huyo alitoka miongoni mwetu, lakini macho yake yalielekezwa kwa Bwana Disii.

Wakasigau wanalijua hilo. Mwaka 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, na mwaka 1915 wakaishambulia Kasigau. Waingereza wakawashuku wenyeji kwamba waliwaonyesha adui njia. Watu wakaondolewa kwa nguvu katika ardhi yao, wakapelekwa Malindi. Wengi walifia huko, na waliosalia walikaa ugenini miaka mingi kabla ya kurejea. Jamii nzima iliadhibiwa kwa shuku, bila kusikilizwa. Hayo ndiyo matunda ya utawala usio na masikio.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, bendera ilibadilika lakini Sheria ya Mamlaka ya Machifu ikabaki. Chini yake chifu aliweza kuwalazimisha watu kazi na kuwazuia kwenda watakako. Hata kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991 na vyama vingi vikaruhusiwa, mkutano wa hadhara bado ulihitaji kibali cha serikali. Ndipo tulipofahamu kwamba chama cha upinzani kisichoweza kukutana na watu ni jina tu. Marekebisho ya mwaka 1997 yaliyapunguza mamlaka hayo ya chifu, na kibali kikageuka kuwa taarifa: siku 3 hadi 14 kabla ya mkutano, kituo cha polisi kijulishwe. Kujulisha si kuomba. Kila mwananchi na alishike neno hilo.

Kisha ikaja Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010. Inasema aliyekamatwa aelezwe sababu upesi kwa lugha anayoifahamu, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku inayofuata ya mahakama iwapo saa hizo zinaishia mapumzikoni. Inaitaka polisi ijenge uhusiano mwema na jamii. Inavikataza vyombo vya usalama wa taifa kuegemea chama chochote.

Ndugu zetu, hatukuja kumtukana chifu wala askari. Kazi yao katika kaunti hii ni nzito. Hifadhi za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi yetu. Tembo akivunja ghala usiku, mwenye nyumba humwita chifu kabla ya mtu mwingine. Mfugaji na mkulima wakigombana mpakani mwa ranchi, chifu na wazee ndio hutangulia kufika. Huko Sagalla wakulima wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki, na tembo huiogopa. Lakini hiyo ni hekima iliyofanya kazi kwa sababu wenyeji walishirikishwa. Usalama nao ni vivyo hivyo. Askari asiyeaminiwa haambiwi neno, na asiyeambiwa neno hufika mwizi akiwa ameshavuka mpaka.

Kwa hiyo twadai mambo matatu.

Kwanza, baraza la chifu liwe mahali pa kuuliza na kujibiwa, si mahali pa kupokea amri na kupiga makofi. Barua ya kitambulisho ni haki. Anayeitoza chai anauza mali isiyo yake. Kijana asiye na kitambulisho hana kura.

Pili, sheria ya polisi ya mwaka 2011 iliweka mamlaka ya polisi katika kila kaunti, chini ya uenyekiti wa gavana au mjumbe wa kamati yake ya utendaji. Ndani yake wamo wawakilishi wa wanawake, vijana, dini, wafanyabiashara, vikundi vya jamii na watu wenye mahitaji maalumu. Twataka vikao vyake vifahamike na majina ya wajumbe wetu yabandikwe. Sheria isiyodaiwa na wenyewe hulala kabatini.

Tatu, wakati wa uchaguzi chifu na askari wasiwe wapiga debe wa yeyote, awe wa serikali au wa upinzani. Nasi wa mageuzi tujifunge kwa sharti hilo hilo. Tukiingia madarakani tukamtumia chifu kama walivyomtumia waliotangulia, tutakuwa tumebadilisha dereva, na gari ni lile lile.

Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Basi wazee wakumbushe, akina mama waulize, vijana waandike. Tukitoka hapa, kila mmoja na aende katika baraza lijalo la lokesheni yake, asimame, na aulize swali moja kwa adabu: Unatulinda kwa niaba ya nani? Asiketi mpaka ajibiwe.