Kipimajoto cha Kuogea Kilichopima Ziwa Tanganyika

Leo tuzungumze juu ya vyombo vya kupimia.

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walivuka kutoka Unguja kuja bara kutafuta maziwa makubwa. Katika mizigo yao mlikuwa na saa, dira na vipimajoto. Saa za nini? Si za kujua wakati wa chakula! Jua husogea digrii moja kila dakika nne. Msafiri akilinganisha saa ya alikotoka na jua la mahali alipo, anajua amekwenda magharibi kiasi gani. Saa ikikosea dakika nne tu, mji huchorwa kwenye ramani kilomita 110 hivi mbali na ulipo.

Basi, saa zile zilisimama njiani. Speke akafanyaje? Alichukua risasi ya bunduki, akaifunga kwa uzi wa inchi 39, akaining'iniza kwenye tupa. Ikibembea upande mmoja, ni sekunde moja. Jaribuni nyumbani kwa jiwe na uzi wa karibu mita moja. Hapo nampa heko.

Vipimajoto navyo viliharibika. Walifika Ujiji Februari 1858, na kilichobaki ni cha kupimia maji ya kuoga. Sasa sikilizeni. Mahali palipoinuka maji huchemka kabla ya kufika digrii 100. Ukipanda mita 300 hivi, inapungua digrii moja. Wakachemsha maji, wakasoma, wakaandika kwamba ziwa liko mita 560 hivi juu ya bahari. Kweli ni mita 770 hivi. Kosa lisilotimia digrii moja limemeza mita 200!

Wengine watamlaumu mpagazi. Mimi sikubali. Kipimajoto cha namna hii huchemshwa kwanza pwani, ambako hutakiwa kusoma 100. Kikizidi, unaandika kimezidi kiasi gani, ndipo unafunga safari. Na vya akiba hubebwa kwenye mzigo mwingine.

Baadaye wawili hao waligombana. Burton alishikilia kwamba Tanganyika ndilo linalotoa maji ya Mto Naili. Maji hayapandi mlima, kwa hiyo kimo cha ziwa kikawa kesi kubwa, na shahidi ni kipimajoto cha kuogea! Jibu lilipatikana mwaka 1871. Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi mpaka ncha ya kaskazini, wakauona mto Ruzizi kwa macho yao. Unaingia ziwani, hautoki.